Mashine Iliyopima Shamba la Mjomba

Katika ukoo wetu, mtu akisoma kidogo kuliko wenzake anaonewa huruma, na akisoma zaidi anapewa kazi. Mimi nafundisha jiografia sekondari hapa Nachingwea. Kwa hiyo mjomba alipofariki na wanawe wakaamua kugawana shamba lake la Nkowe kwa vipimo vya kisasa, hakuna aliyejiuliza nani achague mashine ya kupimia. Binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba, alinipigia simu kutoka Dar es Salaam akasema kwamba mimi si ndiye mwalimu wa ramani. Aliona kuchora latitudo ubaoni na kununua kifaa dukani ni kazi moja tu, tofauti ni chaki.

Ningeweza kukataa. Sikukataa kwa sababu ya mama yangu. Ndani ya shamba la mjomba mna mikorosho yake. Aliipanda zamani, aliporudi kwao baada ya ndoa kumshinda, mimi nikiwa mgongoni, na kaka yake ndiye aliyemwonyesha pa kupanda: mingi juu, karibu na njia, na michache chini bondeni. Ardhi ikabaki ya mjomba, miti ikawa ya mama. Kwetu jambo hilo halimshangazi mtu. Mkorosho ni wa aliyeupanda na anayeufagilia chini, hata kama udongo una mwenyewe, na mtu anaweza kurithi miti bila kurithi ardhi ilipoota. Korosho hizo ndizo zilizonisomesha hiyo jiografia yenyewe, na ndizo anazoishi nazo mama mpaka leo. Sasa mistari ilikuwa inakuja, na mstari haujui nani alipanda nini. Nilifikiri kama mashine itakuwa mkononi mwangu, angalau sitapelekewa habari nikiwa darasani nafundisha mmomonyoko wa udongo.

Basi nikaanza kulinganisha. Kwa faida ya yeyote anayetaka kununua, naeleza niliyoyaona.

Ya kwanza ilikuwa ya binamu mwenyewe, ile ya kubandikwa kwenye kioo cha gari, yenye skrini pana ya kupangusa. Aliing'oa kwenye gari lake la zamani akaituma kwa basi, imeviringishwa kwenye nailoni kama samaki mkavu. Alikuwa ameisifu kwamba inaongea. Ni kweli, inaongea. Ina sauti ya mwanamke wa Kiingereza ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe. Mwalimu mwenzangu ana gari, tukaibandika humo, tukaondoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Kwenye njia panda zote, pale ambapo mgeni hasa anahitaji kuambiwa jambo, bibi yule alinyamaza. Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka, kushoto pori, kulia pori, akatuamuru tugeuke nyuma mara itakapowezekana. Hatukugeuka. Akasema anapiga hesabu upya, na hesabu hiyo aliipiga mpaka tukaingia Ruangwa mjini.

Kutoka hapo tukachukua njia ya Nkowe, na kwenye kioo barabara ikaisha. Kikabaki kijivu kitupu, katikati kapembetatu kekundu, ndiyo sisi. Shule niliyosoma haikuwepo, msikiti haukuwepo, gulio halikuwepo. Kwa mujibu wa mashine ile nimezaliwa na kulelewa kijivuni. Nilipomwambia binamu, akasema inahitaji kusasishwa. Nikamwuliza Nkowe imeanzishwa lini hata isubiri kusasishwa, akacheka, kwa sababu sisi mabinamu ni watani na hana ruhusa ya kukasirika.

Huyo mwalimu mwenzangu alijaribu kuitetea. Ni mtu wa Kanda ya Ziwa, amehamishiwa kwetu, na vitu vya namna hii anaviamini kama wengine wanavyoamini hirizi. Ana ya kwake, kubwa zaidi. Mwaka mmoja ilimpeleka Kilimarondo kusimamia mitihani, ikamtoa barabarani, ikampitisha kwenye kijia, ikamwingiza katikati ya shamba la mahindi ambamo mwenye shamba alikuwa anapiga debe kufukuza tembo. Hapo ndipo ilipomtangazia kwamba amewasili. Mwenye shamba alimsalimia vizuri, akamwuliza kama naye ametumwa na serikali kuja kuwahesabu. Mwenzangu anaisimulia hadithi hii kama ushahidi kwamba mashine hufika popote.

Ya pili ilikuwa simu. Kila mtu sasa ana simu ya kupangusa, hata asiye na cha kupangusia vumbi nyumbani, na ndani yake mna ramani ya bure. Nikaipeleka shambani saa sita mchana. Kwenye lile jua kioo kilinionyesha kitu kimoja kwa usahihi mkubwa, nacho ni uso wangu. Nikaingia kivulini, chini ya mikorosho, nikakiona kile kidoti cha buluu ambacho ndicho mimi. Nimesimama palepale, sijainua mguu, chenyewe kinaruka kama panzi: nimevuka kwa jirani, nimerudi, nimepanda kichuguu, nimevuka tena. Kwa vipimo vya simu, kufikia saa saba nilikuwa nimekwisha kupora mashamba ya watu watatu. Ilipofika alasiri chaji ikaisha. Fundi wa simu wa Ruangwa alinishauri ninunue pawabenki, na kwa ajili ya hiyo pawabenki ninunue paneli ndogo ya jua ya kuvaa mgongoni. Ukishakuwa na vyote hivyo hakika hupotei, maana huwezi tena kutembea.

Binamu alikuwa pia na saa ya mkononi inayopima mwendo na mapigo ya moyo. Hiyo sikuijaribu. Mapigo ya moyo wangu katika jambo hili nilikuwa nayajua.

Ya tatu niliipata kwenye duka moja hapa Nachingwea, jirani na stendi, imelala katikati ya redio na pasi. Ilikuwa ndogo, nene kama tochi ya mlinzi, skrini yake finyu, na vitufe vya mpira vigumu kubonyeza. Muuzaji hakujua ni kitu gani, lakini hilo halikumzuia kuisifu. Alisema ni ya kuonyesha kibla kwa wasafiri. Nilipomwuliza mbona imeandikwa kwamba inapima maeneo, akasema hiyo nayo inafanya, bila nyongeza. Inatumia betri za kawaida za dukani. Ukizunguka nayo eneo inalikumbuka, na ukirudi siku nyingine inalia unapouvuka mpaka, wala hainyamazi mpaka utoke au uizime. Niliacha amana dukani nikaazimwa niijaribu, nikaenda kusimama nayo chini ya mkorosho kwa muda mrefu, ikabaki inasema niko chini ya mkorosho. Baada ya yote niliyopitia, nilikaribia kuibusu.

Zote tatu nilimpelekea mama azishike, kwa sababu kama zingemhukumu, ilikuwa haki azione. Mama amebangua korosho maisha yake yote, na mafuta ya maganda yale yamemla ncha za vidole mpaka zikawa laini, hazina mistari. Akaigusa ile skrini pana ya binamu. Haikufanya kitu. Akagusa tena, akabonyeza kwa nguvu kama anayeamsha mtu, kimya. Simu nayo ikawa hivyohivyo.

"Hainioni," akasema, akanirudishia.

Hakusema kwa uchungu. Amekwisha kukataliwa na mashine za alama za vidole kwenye ofisi kadhaa, amezoea. Lakini alipoishika ile ya vitufe na kubonyeza, ikaitika kwa mlio, naye akacheka, akabonyeza tena ili tu aisikie. Mimi ulinganisho wangu uliishia hapo.

Nikaandika maoni yangu kwenye kundi la familia la simuni, kwa kirefu, faida na hasara. Nilijibiwa na vidole gumba vingi, na shangazi mmoja wa mbali aliyeandika "amina" akidhani ni dua. Binamu akauliza kwa nini tununue kitu chenye vitufe kana kwamba bado tuko zama za simu za vitochi. Alitaka ya kupangusa. Nikamwambia aje apanguse mwenyewe. Mwishowe ikanunuliwa yangu, si kwa sababu waliniamini, bali kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kukisoma kitabu cha maelekezo. Kwa sababu hiyohiyo wakasema niitunze mimi.

Siku ya kupima wakaja wote, wana watatu wa mjomba. Tukasoma dua, tukala wali, kisha tukaingia shambani. Nilipendekeza tupande minyaa kwenye mipaka kama inavyofanywa, au basi tuweke mawe. Binamu akasema hakuna haja ya minyaa katika karne hii, mashine imekwisha kukumbuka. Akashika yeye mbele na kuamua tuanzie wapi, mimi nikifuata nimeshika kidude mbele ya kifua kama mtoto aliyebeba kombe la shule.

Tukazunguka, tukagawa, vikatoka vipande vitatu sawasawa kabisa. Mdogo wao wa mwisho alipata ekari zilezile walizopata wakubwa zake, isipokuwa za kwake zilikuwa za mawe na vichuguu. Mashine haijui kichuguu ni nini. Alisimama akayatazama yale mawe yake yenye vipimo sahihi, akatutazama sisi, akauliza kama kuna namna ya kupima upya. Akaambiwa haki imetendeka. Wa kati akapata mihogo na kipande cha pori. Na binamu yangu, kwa bahati tu, maana bahati ina desturi ya kumfuata anayeamua pa kuanzia, akapata mikorosho. Ya baba yake yote, na ya mama yangu yote, ya njiani na ya bondeni.

Nikasema. Nilisema mengi, na mengine yalikuwa ya hasira, sikatai. Nikawakumbusha kwamba kila mtu wa Nkowe anajua miti ile ni ya nani, na kwamba baba yao mwenyewe hakuwahi kuokota hata korosho moja chini yake bila kumwita dada yake kwanza. Binamu alinijibu taratibu, kwa sauti ile ya watu walioenda semina. Alisema dunia imebadilika. Alisema anataka kufuatilia hati, na hati haiandiki miti, inaandika ardhi, na mwenye ardhi ndiye mwenye kilichosimama juu yake. Shangazi hatatupwa, kila msimu atatolewa chochote. Kisha akaniambia kwamba mimi kazi yangu ilikuwa kupima, na nimepima vizuri, wananishukuru.

Nikamgeukia mama, nikingoja. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mkorosho wake, kanga ameitanda miguuni. Kaburi la kaka yake halikuwa mbali na pale.

"Sawa, baba," alimwambia binamu. Ndivyo anavyomwita, baba, tangu mtoto.

Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia binamu. Njiani nilimwuliza kwa nini hakusema neno. Akanijibu kwa Kimwera kwamba dua ya kaka yake ilikuwa bado haijapoa, na yeye hawezi kugombania kitu juu yake. Nikamwambia ubishi haungoji matanga yaishe. Nikarudi Nachingwea na ile mashine kwenye mkoba, nikaifungia kabatini pamoja na madaftari ya kusahihisha.

Kiangazi mama akafagilia chini ya mikorosho yake kama kila mwaka. Hakuna aliyemkataza, maana kufagilia ni kazi, na kazi haina wa kuigombania. Akang'oa magugu, akasomba majani, akaacha pale chini peupe kama uwanja wa nyumba. Niliposikia nikadhani amebadili mawazo, kwamba anawaonyesha kwa ufagio alichoshindwa kuwaambia kwa mdomo. Nikafurahi peke yangu.

Mabibo yalipoanza kudondoka nikaomba ruhusa, nikaenda Nkowe. Binamu naye alikuwa amekuja kwa ajili ya msimu, analala kwenye nyumba ya baba yake. Nilimpita asubuhi hiyo yuko barazani anapiga mswaki, tukasalimiana kwa utani wetu wa kawaida, ila ulikuwa umepungua chumvi.

Mama sikumkuta nyumbani. Nilimkuta njiani, pembeni mwa shamba, amesimama na ndoo. Hatua chache mbele yake korosho zilikuwa zimetapakaa chini ya miti, kwenye lile eneo alilolifagia mwenyewe, mabibo mekundu na ya njano yamejaa inzi. Ndoo ilikuwa tupu. Nikamwuliza anangoja nini. Akauliza lake.

"Umekuja na mashine?"

Nikasema ninayo. Niliichukua bila sababu, au kwa hasira, nilitaka kuirudisha kwa binamu aitunze mwenyewe.

"Iwashe basi, mwanangu, unionyeshe nisimame wapi. Sitaki kuitwa mwizi."

Sijawahi kujisikia vile. Mwanamke huyu alizijua sehemu za shamba lile gizani, alizijua na miguu yake. Alinibeba humo, alinilaza humo juu ya kanga akipalilia. Sasa amesimama njiani kama mgeni anayesubiri kuitikiwa hodi, ananyenyekea kitu cha betri nilichokitoa katikati ya pasi na redio. Nilitaka kulia na nilitaka kwenda kumtoa binamu mswaki mdomoni. Sikufanya hata kimoja. Nikaiwasha.

Ikachukua muda wake kutafuta setelaiti, kama kawaida. Mama akangoja kwa adabu. Ilipopata, nikaanza kutembea polepole, yeye nyuma yangu. Kabla hata hatujaufikia mti wa kwanza, ikalia. Mpaka ulikuwa pale pale, mita chache kutoka njiani, sahihi kabisa. Nilikwisha kusema kwamba hii ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote.

Mama akasimama. "Inasema nini?"

"Inasema tuendelee," nikasema.

Tukaendelea. Tukaupita mti wa kwanza na wa pili, tukapita chini ya matawi yaliyogusa ardhi mpaka tukainama, mashine ikilia na mimi nikiibana na kiganja. Tulipoupita wa mwisho, ule wa karibu na mikorosho ya mjomba, nikasimama.

"Ni hapa, mama. Mpaka uko hapa."

Akageuka akaitazama miti yake nyuma yetu. Akaitazama mashine. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama alivyokuwa akinitazama utotoni nilipodai nimekwisha kuswali. Akaweka ndoo chini, akainama, akanyonyoa korosho ya kwanza kutoka kwenye bibo lake.

Binamu akatokea upande wa nyumba, amevaa ndala, mswaki mkononi. Nadhani ule mlio ndio uliomleta. Akasema mpaka si uko kule njiani. Nikamwambia mashine inasema hapa. Nilimtazama usoni nilipokuwa nasema, na mkono niliufunga kwenye ile skrini. Akatoa simu yake mfukoni afungue ramani, akasimama nayo kivulini akiigeuza huku na huku, na kile kidoti chake cha buluu kikaanza kuruka: kwake, kwa mama, kwa jirani, kwake tena. Aliifuata hatua mbili, akarudi hatua mbili. Shangazi yake alikuwa karibu na miguu yake, ameinama, hakuinua kichwa wala hakusogea, anaokota kuelekea alipo. Binamu akasogeza mguu kumpisha.

Akairudisha simu mfukoni.

"Basi kama mashine imesema," akasema, na sauti ya semina haikuwemo. Akaondoka na ndala zake. Hakugeuka, nami sikumsindikiza hata kwa utani.

Nikatafuta kitufe cha kuzimia, ili nami nichukue ndoo tumalize kabla jua halijawa kali. Mama akanisikia ninavyohangaika na vile vitufe. Akaongea akiwa ameinama vilevile, mgongo kwangu.

"Usiizime kwanza," akasema. "Ipeleke na kwenye ile mikorosho ya bondeni."